Jiwe la Kaburi na Msomaji Wake

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo kila nyumba hulifikia na nyumba chache hulizungumza kabla ya kulifikia, nalo ni namna ya kuchagua na kulitengeneza jiwe la kaburi, au ukumbusho wa namna nyingine, kwa ajili ya mtu wetu aliyetangulia mbele ya haki. Najua baadhi yenu mtaona ni maneno mazito kwa saa ya chakula cha usiku. Lakini kwa kuwa uchaguzi huo aghalabu hufanywa na watu waliochoka kwa kilio, wenye madeni ya matanga shingoni, mbele ya fundi anayewaonyesha picha za makaburi ya watu wengine na kuwauliza wanataka lipi katika hayo, nimeona ni hisani kubwa zaidi kulizungumza sasa, akili ikiwa imetulia, kuliko kuingoja siku ile.

Fikira yangu ni moja, na ningependa mnivumilie nikiizunguka kwa pande zake zote. Wanaoagiza jiwe huwaza kwanza juu ya marehemu, kisha juu ya nafsi zao, yaani heshima ya ukoo na macho ya majirani. Nao husahau kwamba marehemu hasomi, na kwamba sisi tuliokaa naye, tuliokula naye na kugombana naye, hatuhitaji kuambiwa na jiwe alikuwa nani. Msomaji wa kweli wa jiwe la kaburi ni mtu ambaye hakumjua marehemu hata kidogo: ni kilembwe atakayezaliwa sisi sote tukiwa tumekwisha kwenda, ni mgeni anayetafuta nasaba yake, ni mwanachuoni anayeandika tarikhi ya mji. Basi kila uchaguzi, wa jiwe, wa umbo, wa hati na wa maneno, na upimwe kwa haja ya mtu huyo, kwa kuwa ndiye atakayelitegemea jiwe wakati ambapo halina mwingine wa kulisemea.

Tuanze na dini, maana hapo ndipo baadhi ya milango hufungwa kabla fundi hajaitwa. Kwa Waislamu imepokewa katika hadithi ya Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi lisipakwe chokaa, wala lisikaliwe, wala lisijengewe. Na imepokewa vile vile kwamba alipozikwa sahaba wake Uthman bin Madh'un, Mtume mwenyewe alibeba jiwe akaliweka upande wa kichwa, apate kulitambua kaburi lile na kuwazika karibu yake watu wa jamaa yake. Ukizitazama riwaya hizi mbili kwa pamoja utaona kwamba lililochukiwa ni fahari, na lililoruhusiwa ni alama. Na ingawa wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya maandishi, mtu anayetaka kubaki katika njia ya salama hutosheka na udongo ulioinuliwa kiasi cha shibiri, na jiwe la kichwani lisilo na makuu. Hata wafalme hawakuepukana na hukumu hiyo: Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 akazikwa Unguja, mwanawe Sayyid Majid alianza kumjengea kaburi kubwa katika maziara ya Makusurani, lakini wenzao wa madhehebu ya Ibadhi wakalipinga jengo lile, na likaachwa bila kumalizika. Wakristo wana nafasi pana zaidi, ila makanisa mengine na mabaraza ya miji huweka kanuni juu ya kimo, upana na namna ya jiwe. Kwa hiyo msimamizi wa makaburi na aulizwe kabla ya fundi kulipwa, kwani jiwe lililokwisha kuchongwa halipunguzwi kwa maombi.

Pamoja na makatazo hayo, pwani yetu ina makaburi ya mawe ambayo ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizofanywa na mikono ya wazee wetu, nayo ni madrasa ya bure kwa kila anayetaka kujifunza elimu ya ukumbusho. Ukienda Kaole karibu na Bagamoyo, ukienda Kunduchi, Mnarani, Malindi au Mambrui, utakuta kuta fupi zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zenye vyumba vya nakshi, na katika baadhi yake nguzo ndefu imesimama upande wa kichwa, ikiwa imepambwa kwa bakuli za kaure zilizosafiri kutoka China. Wenye makaburi hayo walikuwa matajiri, na walitaka utajiri wao ujulikane kwa mbali. Lakini nguzo ya Mambrui iliporomoka mwaka 1934. Bakuli nyingi za pwani hii zimeng'olewa na wapita njia, zikabaki tundu za duara katika chokaa. Na mgeni anayesimama leo mbele ya nguzo isiyo na hati hupata kujua kwamba hapa alilala mtu mkubwa, asipate kujua ni nani.

Linganisheni na kaburi moja la Gede, katika msitu ulio karibu na Malindi, ambalo halishindi mengine kwa urefu wala kwa mapambo. Fundi wake alichora katika lipu ya ukuta maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Na kwa sababu ya tarehe ile moja, wataalamu wa mambo ya kale waliofukua mji ule tangu mwaka 1948 walipata mahali pa kusimama wanapokadiria umri wa makaburi na majengo mengine yanayolizunguka. Mpaka leo linaitwa kaburi lenye tarehe. Naamini gharama ya hati ile haikufikia gharama ya bakuli moja ya kaure, na bado imewafaa watu wa baadaye kuliko bakuli zote za pwani.

Sasa nije kwenye jiwe lenyewe. Matumbawe yaliyotumiwa na wazee wetu, hasa yale yaliyokatwa baharini, huwa laini yangali na unyevu, yakakubali nakshi nyembamba, kisha hukauka na kuwa magumu hewani. Lakini mafundi wanaoijua kazi hiyo wamepungua, na siku hizi uchaguzi aghalabu huwa kati ya simenti, terazo, vigae, marumaru na granaiti. Simenti ni rahisi na kila mwashi anaijua, ila ikitiwa nondo karibu na bahari, chumvi huingia, chuma huota kutu na kufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Vigae hung'aa siku ya kwanza, lakini ardhi ya kaburi ikititia hubanduka kimoja kimoja. Marumaru nyeupe ni nzuri na huchongeka vizuri, ila mvua ya miaka mingi huila, na herufi zake hufifia kwanza pembeni na mwisho zote. Granaiti ni ngumu kuliko hizo zote na huvumilia jua, mvua na chumvi. Ugumu huo ndio unaoifanya iwe ghali kuikata na kuichonga. Jiwe la sabuni la Kisii hukubali kila umbo ambalo mchongaji analiwaza, lakini hukwaruzika upesi, kwa hiyo hufaa zaidi ndani ya nyumba au chini ya paa.

Katika hati kuna daraja vile vile. Herufi zilizoandikwa kwa rangi huisha kabla ya walioziandika kuzeeka. Zilizochimbwa kwa tindo ndani ya jiwe hudumu kadiri zilivyo na kina, na hata rangi yake ikitoka, kidole au mwanga wa jua la asubuhi unaopita kwa upande huweza kuzisoma. Bamba la shaba huandikwa vizuri, lakini huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Picha ya marehemu, ambayo sasa huchorwa kwa mashine juu ya granaiti nyeusi au kuchomwa juu ya kigae, imependwa sana, nami siilaumu. Ila nawaomba mkumbuke kwamba sura isiyo na jina lililo wazi ni kitendawili, na kwamba picha ya karatasi iliyofunikwa kwa kioo hufifishwa na jua katika muda mfupi. Fundi akikuuliza upunguze gharama wapi, punguza ukubwa wa jiwe, punguza nguzo na minyororo ya kando, usipunguze kina cha herufi.

Umbo nalo lina lugha yake, na hapa nataka kutoa mifano miwili inayosaidiana. Nyeri, chini ya mlima Kenya, amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari mwaka 1941. Na juu ya jiwe lake kumechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiweka njiani kuwaarifu wenzao kwamba mwenye kuiweka amekwenda nyumbani. Sijui alama ya kaburi iliyo fupi kuliko hiyo na iliyotimia kuliko hiyo, kwa kuwa imetoka katika kazi ya mtu mwenyewe, haikuazimwa katika kitabu cha vielelezo. Mfano wa pili ni vigango vya Wamijikenda, na hasa vya Wagiriama: magogo ya mti mgumu yaliyochongwa kwa pembetatu na nakshi nyingine, aghalabu yenye kichwa cha mviringo, ambayo husimamishwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, mbali na kaburi lenyewe. Kwa watu wa mji wa marehemu kila kigango kina jina na ukoo, ijapokuwa hakina herufi hata moja. Lakini wezi walipoving'oa na kuviuza ng'ambo, vikawekwa katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri, hapakuwa na mtazamaji aliyeweza kusema ni mzee gani anayemtazama. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kenya mwaka 2007, baada ya kutafutwa kwa juhudi kubwa, na vilitambuliwa kwa sababu vilipigwa picha kabla ya kuibwa.

Kutokana na mifano hiyo miwili napata kanuni ya umbo: alama na itoke katika maisha ya marehemu, awe mvuvi, mkunga, mwalimu, fundi cherehani au mkulima wa karafuu, lakini isiachwe peke yake. Jiwe la Nyeri lina duara kwa maskauti, na lina jina na tarehe kwa wasiokuwa maskauti. Mtu anayetaka kumchongea babake jahazi na afanye hivyo kwa furaha, kisha chini ya jahazi aandike jina la nahodha.

Nimefika kwenye maneno, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa wema wa mioyo yao. Huandika sifa ambazo zinamfaa kila maiti, kwamba alipendwa na wote na atakumbukwa daima, na sifa hizo hujaza jiwe mpaka jina la baba halipati nafasi. Msomaji wetu, yule asiyemjua marehemu, sifa hizo hazimwelezi kitu. Anachohitaji ni jina kamili pamoja na jina la baba na la babu, jina la nyumbani ikiwa ndilo alilojulikana nalo, mahali alipozaliwa, mwaka wa kuzaliwa hata ukiwa wa kukadiria, tarehe ya kufariki, na kazi aliyoifanya. Kwa mwanamke, tafadhalini, andikeni jina lake mwenyewe na la ukoo wake, kwani mawe mengi yanamtaja kama mke wa fulani na mama wa fulani, na baada ya vizazi viwili hakuna anayejua aliitwaje. Yakiisha hayo, ikibaki nafasi ya mstari mmoja, hapo ndipo muandike lile neno lililokuwa lake peke yake, alilozoea kulisema au lililosemwa juu yake na waliomjua. Uchache wa maneno si hasara. Katika makaburi ya vita yaliyo chini ya tume ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, kama yale ya Taveta na Dar es Salaam, jamaa wa askari waliruhusiwa kuongeza maneno yao yasiyozidi herufi 66, pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno; na kipimo hicho kiliwalazimisha wazazi na wajane kuchuja mpaka libaki lililo la lazima.

Tume hiyo ilijiwekea kanuni ya usawa, kwamba jenerali na askari wa kawaida wawe na jiwe la kimo kimoja, kanuni njema isiyo na shaka. Lakini katika Afrika ya Mashariki haikutimizwa kwa watu wetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi na askari wa Kiafrika waliokufa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hawakupata jiwe wala jina, na tume yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba idadi ya waliokosa kukumbukwa kwa majina, wengi wao wakiwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, haipungui 116,000 na huenda ikafika 350,000. Walichowekewa ni sanamu, kama ile ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927. Ni sanamu nzuri, iliyochongwa kwa ustadi, askari ameinama na bunduki yake kama anayeendelea kupigana. Na chini yake kuna maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi, yanayoahidi kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Izungukeni sanamu ile pande zote nne, hamtaona jina la mpagazi hata mmoja. Shaba ilipatikana, mchongaji alipatikana, maneno ya fahari yalipatikana katika lugha mbili. Kilichokosekana ni daftari la majina, ambacho ndicho kitu rahisi kuliko vyote kilipokuwa kingali kinaweza kuandikwa.

Asidhani mtu kwamba ufukara wa vifaa ni udhuru. Msafiri Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti kabla ya kuuchukua mwili mpaka Bagamoyo kwa safari ya miezi mingi; na mmoja wao, Jacob Wainwright, mtu aliyepata kuwa mtumwa kisha akasomeshwa kule Nasik, Bara Hindi, alichonga jina na tarehe katika gome la mti ule, kwa sababu hapakuwa na jiwe wala fundi. Mti ulipozeeka, sehemu yenye maandishi ilikatwa ikapelekwa London, na kwa ubao wa mti huo huo ukatengenezwa msalaba ulioko katika kanisa la Mkunazini, Unguja. Ukumbusho ule ulihitaji gome la mti na mtu aliyejua kuandika, basi.

Wako miongoni mwenu wasiotaka jiwe kabisa, ama kwa sababu ya dini, ama kwa sababu ardhi ya makaburi imejaa, ama kwa kuona kwamba fedha hiyo ingewafaa walio hai. Hao wana njia pana na ya kale. Imepokewa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea, na kwa msingi huo watu wa pwani wamechimba visima, wamejenga madrasa, wameweka wakfu mashamba ya minazi na vitabu. Kisima hakidai kusomwa, kwa kuwa mgeni hukifikia kwa kiu yake. Lakini kinadai kutunzwa, na wakfu usio na msimamizi wala hati hugeuka ugomvi wa warithi. Mwenye kupanda mti na achague wa kudumu, mwembe au mkwaju, na amkabidhi mtu wa kuumwagilia katika miaka ya mwanzo. Na mwenye kumlipia karo mtoto wa maskini kwa jina la mama yake amejenga ukumbusho ambao mvua haiuli.

Kwa wale walioazimia jiwe, mpango wake uwe hivi. Msijenge upesi, kwa kuwa udongo mpya hutitia. Wekeni alama ya mbao, mwache msimu mzima wa masika upite au zaidi, ndipo mjenge msingi na kusimamisha jiwe. Muda huo utumieni kukubaliana, maana jiwe lililoagizwa na ndugu mmoja bila ya wenzake huzaa kinyongo kinachodumu kuliko granaiti. Andikeni maneno yote katika karatasi kwa herufi kubwa, mwape watu wawili wanaojua majina ya ukoo wayasome, kisha fundi atie saini chini yake kabla hajashika tindo; na katika mapatano muulizane ni nani atakayelifagia kaburi na kung'oa magugu mwaka wa kumi, kwani mizizi huvunja makaburi.

Lakini kazi iliyo ya kwanza kuliko zote hizo haina fundi na haigharimu kitu. Kesho, kabla ya adhuhuri, mwendeeni mzee aliye hai katika ukoo wenu, mketi naye, mumwulize alizaliwa wapi, babu yake aliitwa nani, bibi yake aliitwa nani na alitoka ukoo gani, alifanya kazi gani na mwaka gani, na angependa jiwe au asingependa. Mwandike yote, mwandike tarehe ya siku hiyo, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na hati za shamba na nyumba. Wengi wanaona haya kuwauliza wazee mambo kama hayo wakidhani ni kuwaharakisha. Mimi nimewaona wazee wakifurahi kuulizwa. Fundi, awe hodari namna gani, atachonga kile tu mtakachomletea.